Futi Tano, Inchi Saba

Fomu ya majengo ya kale ina safu sita.
Jina: kwenye ramani ya chuo, Bweni Na. 4.
Wanafunzi wanaliita Friji,
na Julai hii, ukungu ukipanda kutoka Ruaha Mdogo
na kupita dirishani bila hodi,
naona hawajalisingizia.

Mwaka: haujulikani.
Mhongole mlinzi anasema, zamani za Mjerumani.
Mpishi anasema hapana, ni mapadre wa Kitaliano.
Juu ya mlango palichongwa tarakimu nne;
mvua imeshakula mbili.

Vifaa: mawe mpaka kiunoni, kisha tofali za kuchoma,
chokaa, mninga uliopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili,
vigae vyenye kuvu rangi ya mboga iliyolala.
Hali: hapo ndipo nilipovuta tepu,
nikarudi nyuma kusoma,
nikaona nyota saa nne asubuhi.

Futi tano, inchi saba.
Nimekaa chini, nimeshika paji la uso,
tepu imejirudia mkononi kama ulimi wa kinyonga,
na aliyenijia ni baba.

Mwalimu Bonifasi Mgongolwa
alilala humu miaka miwili, miguu ikining'inia nje ya kitanda,
kisha akafundisha hesabu Ilula, Kilolo, Ilula tena.
Nyumba yetu aliijenga kwa mkopo na nyanya,
mlango akaagiza futi saba.
Seremala akamwuliza, "Mwalimu, unafuga twiga?"
Na bado kila jioni, chaki kwenye nyusi,
akifika pale
aliinama.
Aliinama kanisani. Aliinama benki.
Aliinama akiingia kwenye turubai la harusi
lisilokuwa na mlango wowote.
"Baba Gaudensia," mama akimcheka, "leo umemsujudia nani?"
"Shingo ina kumbukumbu zake," alisema.
"Mimi hainiulizi."

Siku tulipomtoa walikuja wazee sita kwa gari la kukodi,
mmoja na fimbo, mmoja na kikohozi.
Hatukuwajua.
Wakaomba wabebe wao, mpaka getini tu, tusiwanyime.
Pale mlangoni, futi saba, jeneza limeshikwa chini usawa wa mapaja,
juu ya vichwa vyao nafasi tele,
wote sita wakainama.
Hakuna aliyewaamuru.
Shangazi akadhani wamelemewa, akaita vijana.
Mimi nami nilidhani hivyo
miaka kumi na mmoja,
mpaka nundu hii.

Safu ya tano: Kasoro.
Mkuu wangu wa kazi, mtu wa haki, alishaniagiza:
mlango wowote chini ya futi sita na nusu, andika "upanuliwe."
Naye hajakosea. Moto ukiwaka usiku,
wasichana themanini, giza, kila mmoja na begi lake,
huo si mlango, ni shingo ya chupa.
Najua.
Kalamu imegusa karatasi, imeacha nukta,
nukta inanenepa.

Anakuja mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka bombani,
ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika,
mwingine na simu, anamgombeza mtu
kuhusu elfu tano.
Hatazami juu.
Anakunja magoti, si shingo,
anashuka kama anayechuchumaa kuchuma mchicha,
anapita, anainuka upande wa pili,
na ugomvi haujakatika, wala tone halijadondoka.

Kisha kutoka ndani, gizani, bila kugeuka:
"Shikamoo dada. Pole.
Utazoea."